Mwisho wa Wimbo wa Baba

Santa Tecla, California
3 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na kuku wanataga. Mimi ni mzima, mgongo tu. Tunakata koliflawa tangu alfajiri, na kuinama hakuna dawa.

Nakuandikia kuhusu tuba ya marehemu Baba, lile tarumbeta kubwa ninalopiga sasa. Unajua kila Jumapili sisi kumi na wawili wa kijijini kwetu San Melchor tunafanyia mazoezi ya bendi uani kwangu, tukihangaika na wimbo alioutunga Baba kwa ajili ya Mtakatifu. Sasa jirani, bibi mmoja aitwaye Lorraine, amelalamika. Baraza la mji linataka kupitisha sheria ndogo: hakuna tarumbeta wala ngoma uani, siku yoyote. Ikipita, bendi imekufa. Ukumbi hatuna, na siku nyingine zote tuko shambani. Januari, siku ya sikukuu, sanamu ya Mtakatifu itapita barabarani kimyakimya kama mwizi.

Tarehe 18 Novemba madiwani watasikiliza watu, kila mtu dakika tatu. Wenzangu wamenisukuma mimi, eti nina sauti ya tuba. Mama, niliishia darasa la nne. Nifanyeje?

Mwanao,
Fidencio

San Melchor, Oaxaca
22 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Kuku wanataga, isipokuwa yule mweusi mwenye kiburi. Nasema mimi, anaandika binamu yako Nayeli, anayejifunza kupiga klarineti shuleni.

Dakika tatu! Baba yako alipoomba paa la shule alisema tangu misa mpaka kuku wakaingia bandani, ndipo mkutano ukamkubalia. Lakini hata yeye hakwenda mikono mitupu. Nani huenda hivyo mbele ya wakubwa? Oka mikate ya mayai ya sikukuu, kila diwani na wake, uwape kabla hujafungua mdomo. Na mezkali kidogo, ile pombe yetu kali.

(Mezkali acha. — Nayeli)

Mama yako

Santa Tecla
20 Novemba

Mama,

Shikamoo. Mwili umechoka, ila moyo una raha.

Mezkali niliacha. Nilikwenda na mikate saba kwenye kitambaa chako chekundu. Karani akanizuia: "Bwana, madiwani hawapokei zawadi. Itakuwa hongo." Mkalimani alinitafsiria neno kwa neno, bila huruma. Masikio yaliniwaka, wenzangu wakaangalia viatu vyao. Meya, mama mmoja mpole, akasema niiweke meza ya nyuma, iwe ya watu wote.

Kabla yetu kulikuwa na kodi ya jimbo: wananchi watapiga kura kama kila anunuaye dukani aongeze senti kidogo za shule na barabara, na madiwani waliamua kama mji uunge mkono. Mama, walibishana saa mbili na nusu! Mmoja analia tunakamuliwa kama ng'ombe, mwingine shimo la barabarani limemvunjia gari. Wakaunga mkono, wanne kwa watatu. Wakati huo njaa ilikuwa imewapeleka watu nyuma kwenye mikate mmoja mmoja. Bi Lorraine nilimwona akirudi mara ya pili.

Zamu yetu ilipofika, yeye ndiye aliyeanza. "Muziki siuchukii. Lakini mwaka mzima wanapiga mwanzo, wanafika katikati, wanarudi mwanzo! Mwisho sijawahi kuusikia. Nakaa jikoni nasubiri, nasubiri!"

Ukumbi ukacheka. Maneno yote niliyokariri yalinitoka. Nikasema tu, "Bibi, hata sisi hatuujui mwisho. Baba alikufa hajatufundisha. Tuachieni Jumapili, tutautafuta."

Nikakaa. Dakika moja ilitosha. Wakabadilisha sheria: Jumapili ruhusa, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili. Bi Lorraine mlangoni akaniambia, "Basi utafuteni haraka, nina miaka themanini na moja."

Mwanao,
Fidencio

San Melchor
9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Magoti leo yamenifikisha hadi posta, nimeleta barua hii mwenyewe.

Mwaka mzima mnatafuta mwisho, na hukuniuliza! Kwa kuwa mimi sipigi kitu? Miaka thelathini baba yako alipiga, mimi naosha vyombo. Usiku alikoroma, mchana alipiga tuba, sauti ni ileile, ila wimbo naujua. Nimemwimbia Nayeli, naye ameandika noti za muziki. Karatasi imo humu, usiikunje tena.

Mtakatifu ana subira, atangoja Januari. Barua ikifika, Jumapili inayofuata mpigieni wimbo kwanza yule bibi, dirisha lake likiwa wazi.

Na mkate umpelekee. Yeye si diwani.

Mama yako