Kitambaa cha Kumutoa Papa Motoni

Bruxelles, Jumapili, mvua

Maman yangu mupendwa,

Pokea salamu za mutoto wako mwenye bahati kuliko Wakongomani wote wa mutaa wetu huu wa Matonge. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Bukavu? Na mbuzi wa Tonton Noé, angali anakula sabuni? Mimi niko muzima, nimenenepa mpaka suruali zinalalamika. Kanisani ningali protocole mukubwa: ndiye nafungua mulango, ndiye nakalisha watu, na nabii mwenyewe hapandi jukwaani kabla sijamupa ishara ya kichwa.

Alors, najua unangoja nini. Mudogo wangu Claudine aliniambia kwenye simu kwamba hujavua nguo nyeusi tangu papa, baba yetu, azikwe, na umekataza familia kumaliza matanga mpaka kitambaa kifike. Mimi ndiye nilikusimulia: nabii anaombea vitambaa vyeupe, ukinunua kimoja kwa jina la marehemu, dhambi zake zinafutwa, anatoka motoni. Na papa wetu, tusidanganyane, alikufa na chupa mukononi, amekasirikia kila muntu.

Bon. Jumapili iliyopita vitambaa vilipangwa mezani kama samaki sambaza sokoni. Maman Régine, yule wa Uvira anayeogesha wazee wa kizungu, akasimama. Aliuliza kwa upole, kama muntu anayeuliza bei ya maharagi, kwamba kama nabii anaweza kutoa wafu motoni, mbona asiwatoe wote leo kwa huruma tu, anangoja wajane walipe kwanza? Akasema kuna muzee Muprotestanti anayemuogesha, alimusimulia kwamba zamani kanisa la huku liliuza makaratasi ya kufuta dhambi, hata za wafu. Mutawa mumoja wa Ujerumani akakataa, na vijana wawili watawa waliomufuata wakachomwa moto hapa hapa Bruxelles, kwenye uwanja wa Grand-Place. Maman, ni pale pale nilipopigwa ile picha iliyo sebuleni kwako, nimevaa koti la kuazima, nacheka.

Watu wakaanza kumuita muchawi. Nabii akanionyesha kidole: protocole, toa huyo mwanamuke. Nikamushika mukono. Mukono wangu mwingine ulikuwa mufukoni, juu ya pesa ya kitambaa cha papa. Nikafungua mulango, akatoka, nami nikatoka nyuma yake. Si ushujaa, maman. Miguu ndiyo iliamua. Kichwa kilibaki ndani kinapanga viti.

Chumba changu kilikuwa cha shemeji ya nabii. Nilikuta masanduku yangu kwenye ngazi. Wale niliokula nao fufu wanavuka barabara wakiniona hapa mutaani, Porte de Namur. Leo tulikuwa wanne jikoni kwa Régine, tunasoma Biblia wenyewe, sauti chini kama wezi. Doudou, mumoja wetu, anakosea majina yote ya manabii. Tulicheka kidogo, kisha kila mumoja akakumbuka wafu wake, tukafungua ukurasa mwingine.

Maman, kitambaa hakitafika. Kama Mungu anamuhurumia papa, hakungoja mufuko wangu. Kama hamuhurumii, sijui, na hilo linaninyima usingizi. Pesa natuma kwa Claudine: wapike, walishe watu, wamutukane papa kidogo, wamulilie, matanga yaishe. Vua nyeusi, nakuomba.

Nisalimie nyumba yote, na mbuzi.

Na ile bahati niliyoandika pale juu ni uongo mutupu. Sina mulango wa kufungua tena. Nalala jikoni kwa watu, chini ya meza.

Mutoto wako,
Polycarpe