Anayefungua Lango Usiku

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Mpendwa kaka,

Picha zote za usiku zilitoka nyeupe pe, kama mtu kamwaga maziwa kwenye kioo. Za mchana safi: kuku, mimi, paka wa jirani. Samahani, nimeanza na kamera hata shikamoo sijatoa. Shikamoo kaka. Kazi inakwendaje? Shemeji na watoto wazima? Sisi miili haijambo. Unajua mimi kuongea siwezi, na kuandika ndiyo hivyo, utanivumilia.

Ile kamera ya kuvizia wanyama uliyotuma niliifunga kwenye nguzo ya banda, tujue nani anatufungulia lango kila usiku. Kumbe nilikosea. Fundi redio kaniambia ina taa yake ambayo jicho la mtu haliioni, na ukuta wa banda ulikuwa karibu mno, mwanga unaugonga na kuirudia kamera usoni. Nikaisogeza. Zikatoka nyeusi tii. Fundi akacheka, "Bwana mdogo, umeweka betri za tochi zilizochoka! Mchana zinajikongoja, usiku ile taa inazimaliza." Nikatia mpya.

Ndipo akatokea mtu, kaka. Mtu wa moshi. Miguu ipo, kichwa kimefutika, na fito za uzio zinaonekana kupitia tumboni mwake.

Fundi akasema gizani kamera inakawia kufumba jicho, kwa hiyo anayetembea anatoka ukungu. "Huyo jini wako mwambie asimame kidogo, apigwe vizuri." Lakini mama alikuwa ameshaiona ile picha kwenye simu yangu. Aliishika hiyo simu kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Baba yenu huyo. Mwendo wake nitaupotezea wapi?"

Tangu siku hiyo anakula. Wewe mwenyewe ulimwona baada ya mazishi, sahani ilikuwa inarudi jikoni kama ilivyotoka. Sasa kila asubuhi ananiuliza, "Alikuja?" Namjibu alikuja, mama.

Nikawaza, anayefungua lango lazima asimame, maana komeo letu zito, linainuliwa kwa mikono miwili. Nikaielekeza kamera pale pale kwenye komeo, na utando wa buibui kwenye kioo chake nikaufuta.

Picha ikatoka safi. Ni mama. Amevaa koti la mvua la baba, miguu mitupu, macho wazi yanang'aa kama ya paka, na yuko usingizini. Usingizi nimeujua kwa mdomo, anavyouachama akilala. Picha inayofuata anashika njia ya machimbo, kule kwenye shimo la maji lililomchukua baba. Nyingine anarudi, gauni limelowa mpaka magotini. Na mimi kila asubuhi naliona hilo gauni kwenye kamba, nadhani kaamka mapema kafua.

Nikafunga lango kwa waya. Asubuhi waya nimeukuta umekunjwa vizuri, umewekwa juu ya nguzo. Na kwenye picha za jana gauni limelowa mpaka kiunoni.

Nikimwonyesha, nitakuwa nimemzika baba mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nisipomwonyesha, nitamzika yeye. Leo kaniuliza, nikasema picha zimeharibika tena. "Basi leo nitalala mapema," akasema, "nisije nikamchelewesha."

Njoo kaka. Wewe anakusikiliza. Mimi nikifungua mdomo maneno yananikimbia.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote, yule mdogo umvute sikio kwa niaba yangu. Shangazi akipita kwako msalimie pia, lakini haya usimwambie, mdomo wake unaujua. Mungu awaamshe salama pale pale mlipolala.

Niishie hapa. Jua limezama na chumbani kwake taa imeshazimwa. Nakwenda kukaa langoni, nifike kabla yake.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya