Lori Lililopimwa Chini ya Sifuri

Rusumo, Alhamisi

Kwa dada Francisca,

Shikamoo dada. Jumanne ya wiki juzi, saa nne asubuhi, tulipoteza ofisi sita za mawakala wa forodha zilizokuwa zikitumia maktaba yetu ya kusoma mizani, ule msimbo ambao programu za wengine huuazima. Zote sita, kwa asubuhi moja. Ndipo sasa nikuulize: Biharamulo hamjambo? Mgongo wa mama unaendeleaje? Sisi wazima, ila mimi ninachemka. Simu zangu kumi na moja hukuzipokea, kwa hiyo naandika.

Asubuhi hiyo lori la kilo 48,300 lilisomeka kilo 17,236 chini ya sifuri. Wakala Leonidas akaniuliza mbele ya madereva kama walifunge kamba, lisije likapaa hadi Rwanda. Walicheka mpaka wakashika matumbo.

Unakumbuka msimbo ule tuliuandika kwa ajili ya kupima kahawa ya Ntobeye. Gunia halifiki hata kilo mia, basi uzito tukaupa nafasi isiyobeba zaidi ya 32,767; ukizidi hapo, namba inageukia chini ya sifuri. Kisha tukauweka wazi mtandaoni, na watu wa malori nao wakauchukua, kwanza kwa malori madogo. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ilikuwa ikitoa maonyo 212, mojawapo likisema wazi kwamba namba kubwa itakatwa. Watumiaji wakalalamika kuwa maonyo yetu yanafunika ya kwao. Mtu akaweka mstari mmoja wa kuyaficha yote.

Leonidas aliponibana, nilimwambia mtu huyo ni wewe. Nikaandika hivyo hata kwenye ukurasa wa mradi. Wewe ukaondoa jina lako kwenye mradi, ukaniachia mzigo wote. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi nikafungua kumbukumbu za mabadiliko nipate ushahidi wa kukushika. Dada, mstari ule una jina langu. Niliuweka miaka mitatu iliyopita, nikitaka Leonidas aone skrini safi. Chini yake uliniandikia kwamba tusifiche, turekebishe. Nilijibu: baadaye.

Nimeufuta. Kwenye ukurasa ule ule nimeandika kwamba kosa ni langu. Nimerekebisha maonyo 175; yamebaki 37, yote kwenye sehemu yako ya kubadili vipimo, na siigusi bila wewe.

Msalimie mama, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Jibu nalitaka Ijumaa ya wiki ijayo kabla ya saa sita mchana: unarudi kwenye mradi, au hurudi? Usiniandikie "tutaona".

Mdogo wako,
Ntwari