Konokono Mmoja, Majina Mawili

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Nipo Tongoni na mtaalamu wa konokono wa madimbwini. Wiki nzima nimebandika karatasi kwenye chupa zake: wadogo wembamba jina hili la Kilatini, wakubwa wanene jina lile, kama ilivyoandikwa tangu enzi za Mjerumani. Leo mama mmoja, aliyekuwa akifua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, akazichungulia.

“Wanangu, mbona mmewatenga watoto na mama zao? Hawa nawaona wakikua hapa hapa.”

Mtaalamu akawapima upya hadi adhuhuri, kisha akafuta jina moja. Mwandiko wangu mzuri wote bure!

Nawe ukijifungua, mama akileta jina lake na mkweo lake, usigombane na mtu. Mtoto ni yule yule. Nisalimie tumbo.

Mdogo wako,
Shaaban