Bibi Aliyezaliwa Penye Maghala ya Hamburg

Mjomba Mnyukwa, shikamoo. Mimi na bwana mhandisi wa reli ninayemtumikia tumefika Ulaya salama, ila baridi ya huku inauma hadi kwenye meno.

Leo bandarini Hamburg nilinunua samaki wa kukaushwa kwa moshi kwa bibi kizee wa Kijerumani. Mbele yetu yalisimama maghala ya matofali mekundu, ghorofa juu ya ghorofa, yamejaa kahawa, ngozi na pembe za ndovu. Bibi akayanyooshea kidole.

"Nilizaliwa pale."

"Ghalani?" nikamuuliza.

"Ghala halikuwapo. Ilikuwa mitaa yetu. Serikali ilitaka kupanua bandari, ikabomoa nyumba zote, ikatufukuza."

Mjomba, hebu fikiria! Mjerumani kamvunjia nyumba Mjerumani mwenzake! Na mimi nilikuahidi kumwomba bwana, watu wake wa reli wasiibomoe nyumba yako pale wanapotaka kujenga stesheni. Nitamwomba, lakini usiningoje. Wahamishe watoto na ng'ombe waende kwa ndugu zetu kule Mtumba kabla mvua hazijaanza, na miti ya paa ing'oe mwenyewe, wasije wakaichoma.

Mungu awalinde nyote. Nawakumbuka mno.

Mpwa wako,
Yohana