Dévote Nahayo, Uliyemuuliza Guelord Kama Amelala

Mwaka umetimia leo, mama, tangu presha ikuchukue mjini Lilongwe, ukiwa kwa binti yako Gabriella, mtaa wa Area 18, ukimshonea mjukuu wako gauni la ubatizo.

Ulikuwa fundi wa cherehani hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, miaka kumi na minne. Uliimba sauti ya pili hata ukiwa peke yako. Chai yako ilikuwa sukari tupu, nawe ulisema unaitengeneza hivyo kwa ajili ya wageni.

Ile Jumapili hatuisahau. Guelord, jirani yetu mshona viatu, alishika maikrofoni katikati ya ibada akatangaza kwamba yeye ni jenerali, jeshi lake limefika Nathenje, nje ya Lilongwe, na kabila moja litamalizwa kabla ya jioni. Maneno yale yale yalitutoa makwetu. Akina mama walilala juu ya watoto wao. Wanaume walitoka kutafuta fimbo.

Wewe ulimwendea.

"Guelord, mara ya mwisho umelala lini?"

"Iko siku tano, mama. Redio inaniitaka."

Na redio hakuwa nayo.

Mzee wa kanisa alikuambia, "Mama Gabriella, toka hapo. Bantu ba namna hii njo balituua."

"Na mi baliniulia bandugu," ulimjibu. "Lakini bale balikuwa bazima. Balilala muzuri, bakakula, bakakuya na liste ya majina mu mukono. Huyu iko mgonjwa."

Fimbo zikashuka. Ulimshika Guelord mkono, mkapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabarani, kisha minibasi, mpaka hospitali Lilongwe. Ulikaa naye siku tatu.

Walioogopa hukuwacheka. Kila Alhamisi uliwaita kwenye chumba chako cha kushonea, wakasimulia walichokimbia. Asiyetaka kusema ulimpa kitambaa akunje pindo. Hapo ndipo mmoja wao, Benedicte, baada ya miaka tisa ya kunyamaza, alipotaja majina ya wanawe wawili.

Guelord alirudi baada ya miezi miwili, na dawa zake, akaomba msamaha kanisani. Wengi walimpa. Wengine hadi leo hukaa benchi la mbali naye. Ulisema wapewe muda, nasi tunawapa.

Tunaokukumbuka: mumeo Hubert Bucumi, wanao Gabriella, René na Shukrani, mjukuu wako Kelly, na wote wa Alhamisi, ambao bado wanakutana. Guelord ameomba jina lake liandikwe kati ya watoto. Baba amekubali.

Hatutakusahau, mama, siku zote tutakazoishi.