Tulilala Ufukweni na Shangazi Yuko Bilele

Mama Jovita, salamu kutoka Muleba, naomba unisaidie kabla mume wangu hajauza gari nami sijampoteza shangazi.

Mimi nauza vitenge sokoni, mume wangu Derick ni fundi seremala, mtu mpole ila akishika wazo haliachi, na mwaka huu wazo lake lilikuwa Hiace. Aliinunua kuukuu, akang'oa viti vyote akatengeneza kitanda cha mbao chenye makabati chini yake, mimi nikashona mapazia, tukaweka godoro, ndoo, jiko dogo la gesi na sufuria, kwa sababu tulikuwa tumeona Wazungu wakipita hapa na magari yao ya kulala na Derick akasema kwani wao wana nini ambacho sisi hatuna. Tangu tufunge ndoa hatujawahi kwenda popote sisi wawili isipokuwa misibani, kwa hiyo tukawaacha watoto kwa mama yangu tukaenda Bukoba kukitembelea Kisiwa cha Musira, ambacho kila mgeni hupelekwa kukiona na sisi wenyeji tunakitazama tu kutoka mjini, na tukapanga kulala ndani ya gari palepale ufukweni ili hela ya gesti iwe nauli ya mtumbwi.

Mama Jovita, sikufichi, nilifurahi. Tulipanda kule juu kwenye mwamba upepo ukataka kunivua kilemba, tukarudi tukakaanga sato, tukacheka mpaka mlinzi wa jirani akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Sasa shida ni kwamba shangazi yake Derick, Ma Kokushubila, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, naye anakaa Bilele, yaani kutoka pale ufukweni unakwenda kwa miguu bila kuchoka, na sisi hatukumwambia. Hatukuwa na nia mbaya, ila kwa shangazi ukifika unawekwa, unalishwa, wanawake wanalala na wanawake, wanaume sebuleni, na habari za Musira zinaishia hapo, tukasema tutampitia siku nyingine. Asubuhi nikiwa naosha vyombo, mtu wa jumuiya yake aliyekuwa anatoka misa akaniona, na haikuchukua muda nikasikia hodi kwenye bodi ya gari, nachungulia pazia namwona shangazi mwenyewe na kapu la ndizi zilizopikwa, bado za moto ndani ya majani, mimi nimejifunga kanga na Derick anapiga mswaki nyuma ya tairi. Shangazi akauliza taratibu, "Mwana wange, kwani nyumba yangu imeungua?"

Hapo Derick badala ya kuomba samahani akasema, "Gari limetufia jana usiku, shangazi, tukaona tusikusumbue."

Shangazi aliamini. Akasema, "Poleni waitu," akampigia simu jirani yake Joackim mwenye pikapu, akaja na kamba, na sisi kwa aibu ya kusema ukweli tukaliacha gari zima lisilo na ugonjwa wowote livutwe katikati ya mji hadi Bilele, Derick kwenye usukani, mimi nyuma nimekumbatia sufuria, watu barabarani wakitupa pole. Tulipofika tukala, tukapewa kahawa ya kutafuna, fundi akaitwa, na tukiwa tunamngoja huyo fundi, Joackim akaomba tumsogezee gari atoe pikapu yake, basi Derick kwa mazoea akaingia, akawasha, akarudi nyuma vizuri kabisa, akazima, akashuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, akasema tu, "Kumbe limepona," akaingia ndani na hakutoka kutuaga.

Tangu siku hiyo hapokei simu. Kipaimara cha binti yetu kinakaribia na kiti cha bibi tulikuwa tumempangia yeye, lakini ametuma neno kwamba watu wenye nyumba ya magurudumu hawana haja na mtu wa Bilele. Derick hali chakula, anasema atauza Hiace ampelekee shangazi hela yote, na mimi nalia kwa sababu lile gari ndilo lililonirudishia mume anayecheka. Tuuze? Au niende kwa shangazi peke yangu?

Annastella, Muleba

*

Annastella, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya kucheka, na unisamehe. Sasa nimefuta machozi nikugombeze.

Kulala ndani ya gari si kosa. Mna ndoa, mna godoro, mna mapazia. Kosa lilikuwa kupita mlangoni kwa mzazi kimya kimya, wakati huku kwetu hata aliyekuja mjini kununua misumari hupiga hodi kwa shangazi akanywa maji. Lakini hilo lilikuwa limeshasamehewa. Hebu fikiri: aliambiwa watoto wake wanalala ufukweni, akafanya nini? Akamenya ndizi, akapika, akafunga kwa majani, akatembea nazo. Mtu anayekuja kugombana haji na chakula cha moto. Alikuja kuwatania, na mumeo angesema tu "Tumekosa, shangazi," mngekula wote watatu pale mchangani na mambo yangeisha.

Badala yake huyo nshomile wako, mjuaji wa kila kitu, akaonyesha akili zake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwenu imeishia uani Bilele. Mama wa watu kaomba gari la jirani, kaita fundi, kawaonea huruma mbele za watu, halafu injini ikanguruma. Mmemfanya aonekane mjinga nyumbani kwake mwenyewe, na hilo linauma.

Gari msiuze. Mkimpelekea hela ataona mnamlipa ndizi zake, na hapo ndipo mtampoteza kweli. Wala usiende peke yako. Uongo ni wa Derick, mdomo uwe wa Derick. Simu acheni. Jumamosi pakieni mkungu kutoka shambani kwenu, sukari na sabuni, mwende na Hiace hiyohiyo. Kabla mkungu haujashushwa, Derick apige magoti aseme, "Shangazi, gari halikuwa limeharibika, nilidanganya." Aishie hapo, asianze kueleza mambo ya gesti wala ya Wazungu. Atawasema, nanyi msemwe mpaka amalize. Kisha Derick aende kwa Joackim akaombe radhi kwa kamba yake. Usiku mlale mtakapopangiwa, na asiwepo wa kununa.

Jumapili baada ya misa mpandisheni shangazi kiti cha mbele, mkodi mtumbwi, mwende naye Musira. Kipaimara msikitaje. Muda ukifika atauliza mwenyewe binti anavaa gauni gani.

Na akikuvuta pembeni akuulize kama kweli mlipata usingizi ndani ya hilo kopo, usione aibu ukasema mgongo uliwauma. Mwambie mlilala vizuri sana, na mlicheka. Huyo ndiye aliyemlea mume wako, na hakuna habari anayoingoja kuliko hiyo.

Mama Jovita